Barua ya wazi kwa wanaoipangia Mikindani: upendezesheni mji na sisi tukiwamo

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi na maafisa mipango miji wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani,
na kwa wahusika wote wa Mambo ya Kale.

YAH: UFUKWE, BARAZA NA BIASHARA NDOGO ZA MJI MKONGWE WA MIKINDANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaomba jambo moja, na nalitaja mapema ili lisipotee katikati ya maneno mengi. Mpango wowote utakaokuja wa kuupendezesha mji mkongwe wa Mikindani usimwondoe mtu anayefanya kazi ufukweni au barazani mpaka nafasi yake, ndani ya Mikindani hiihii, iwe tayari, ameiona kwa macho yake na ameikubali. Yanayofuata ni sababu zangu.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ipo kwenye baraza ya nyumba ya mawe, si mbali na bahari. Nyumba si yangu. Namlipa mwenyewe kodi ndogo na kumwangalizia mlango. Wateja wangu wakubwa ni wanawake wanaonunua samaki dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki. Samaki wakipatikana, vitambaa vinaletwa. Samaki wakiadimika, hata wa kubadilishiwa zipu simwoni. Kwa hiyo nikiutetea ufukwe, natetea pia baraza, maduka ya pembeni, muuza kahawa na kijana wa bodaboda. Riziki yetu ni moja, inatoka majini na kupanda mtaani.

Sipingi maendeleo. Mtwara inakua na sote tunaona. Bandari imeongezewa gati, korosho zinapita pale, gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 imeshafikishwa Dar es Salaam kwa bomba. Mikindani iko kilomita kama 10 tu kutoka mjini, na barabara ya Lindi inapita kando ya ghuba yetu. Abiria wa basi anachungulia dirishani anaona bahari, minazi, magofu na mashua. Ni lazima siku moja aje mwenye mradi aseme hapa panafaa viti vya kupumzikia, taa, ukuta wa bahari na vibanda vya kisasa. Nami nitafurahi akija. Naandika kabla hajafika, kwa sababu mchoro ukishapigwa mihuri, mwananchi huitwa kuelezwa tu, haulizwi.

Waheshimiwa, mji huu umeshawahi kupokonywa kazi yake kwa uamuzi uliofanywa mbali. Karne ya 19 majahazi yalikuwa yakifunga hapa kupakia pembe za ndovu, mpira, sandarusi na ufuta. Yalipakia watumwa pia, na jengo linaloitwa Soko la Watumwa bado linatukumbusha aibu hiyo. David Livingstone alishukia hapa mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Wajerumani walijenga Boma lao mwaka 1895 kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na ushuru wa kukusanya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakaja na mradi wa karanga wa mwaka 1947. Walihitaji bandari ya kina kirefu, na ghuba yetu ni ya kina kifupi. Wakaijenga Mtwara, wakalaza reli hadi Nachingwea. Mradi ukafutwa mwaka 1951, na reli ikaja kung'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Lakini wenye maduka makubwa walioifuata bandari hawakurudi Mikindani. Nyumba zao za ghorofa zilibaki bila watu, na mvua ikafanya iliyofanya.

Siamini kama waliopanga yale walikuwa na chuki na Mikindani. Walitazama ramani na kina cha maji, wakahesabu tani. Hawakuhesabu nani atabaki na atakula nini. Waliobaki ni wavuvi, wachuuzi, mafundi na akina mama wa majikoni, na ndio waliouweka mji huu hai kwa zaidi ya miaka 70 bila mradi wa mtu. Leo thamani ya Mikindani inayosifiwa na wageni, kwamba ni mji mkongwe ambao bado una watu wake, imetunzwa na hawahawa ambao mpango mbovu ungewaita vurugu za ufukweni.

Naomba niueleze ufukwe wenyewe, maana kwenye mchoro huonekana kama mstari wa rangi ya manjano kati ya barabara na maji.

Mashua na ngalawa zinarudi kwa kufuata maji, hazifuati saa za ofisi. Siku za bamvua maji yanapanda sana na kupwa mbali. Siku za maji mafu, yasipopanda wala kupwa sana, chombo kinaweza kuingia wakati mwingine kabisa. Samaki wakishateremshwa hunadiwa palepale. Wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wanajaza matenga na barafu na kuondoka mbio kwenda vijijini na mjini. Wanaobaki ni akina mama wakaangaji. Wao hawana mtaji wa kushindana mnadani asubuhi, kwa hiyo wengi huchukua fungu kwa mkopo, wanakaanga, wanauza, na jioni wanamrudishia mwenye samaki fedha yake. Hakuna karatasi inayoandikwa. Mkopo huo upo kwa sababu mkopeshaji anajua mkopaji anakaa wapi, chini ya mti gani, na kesho atakuwa palepale.

Hapo ndipo penye hatari ambayo mpangaji wa mji anaweza asiione. Mkimpeleka mkaangaji kwenye soko zuri lenye bati jipya, kilomita chache tu, mmemwondolea mkopo. Hawezi kuwahi mnada, mwenye samaki hamwoni, na hakuna benki itakayompa samaki saa kumi na mbili asubuhi bila dhamana. Mtasema ameshindwa biashara, kumbe biashara yenyewe ilikuwa ni kuwa karibu.

Pembeni ya mnada kuna mafundi mashua. Chombo kinavutwa juu ya mchanga, kinainamishwa, ubao uliooza unatolewa, mianya inapigwa kalafati kwa pamba na mafuta. Kazi hiyo inataka mchanga wenye mteremko na kivuli, basi. Ukijengwa ukuta wa zege ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa mji bila kuachiwa milango ya vyombo, fundi hana pa kuvutia mashua, na mvuvi atatafuta diko kwingine. Ukuta wa kuzuia mawimbi unaweza kuhitajika mahali fulani. Barabara ikiliwa na maji tutaumia sote. Ombi langu ni kwamba kabla mhandisi hajachora, aonyeshwe na mafundi na wavuvi sehemu ambazo vyombo hupanda. Wanazijua hata gizani. Na pale mikoko inapoweza kufanya kazi ya ukuta, basi ipandwe mikoko.

Kuna pia watumiaji wa ufukwe ambao hawana meza wala banda, kwa hiyo hawataingia kwenye orodha yoyote ya wafanyabiashara. Wanawake wanaoshuka maji yakipwa kuokota kombe na kutanda uduvi. Vijana wanaocheza mpira kwenye mchanga mgumu. Wazee wanaopiga bao jioni. Binti anayepita na sinia la vitumbua kabla ya kwenda shule. Ufukwe ukizungushiwa uzio, hata wa kupendeza, hata wa kiingilio kidogo, hawa ndio wa kwanza kukosa pa kupita. Naomba iandikwe kwamba ufukwe wa Mikindani utabaki wazi kwa kila mtu, bila kiingilio, mchana na usiku.

Najua mtanikumbusha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na zile mita 60 kutoka baharini. Naiheshimu, kwa kuwa bahari ikiharibika sisi ndio wa kwanza kulala njaa. Sheria ile inazuia ndani ya eneo hilo shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Basi ipimwe kwa kipimo kimoja kwa wote. Jiko la kuni linaloondolewa jioni na ukumbi wa zege wenye nguzo zilizochimbiwa mchangani si vitu vya uzito mmoja, na ikiwa mmoja wao ni lazima aondoke, tuelezwe hadharani kwa nini ni yeye.

Jambo la kuwapanga wafanyabiashara wadogo si geni nchini. Mwaka 2021 lilipotolewa agizo la kitaifa la kuwapanga wamachinga, lilisisitiza wapangwe vizuri na bila vurugu. Maeneo mengine yalifanikiwa. Kwingine haikuwa hivyo. Shangazi yangu alikuwa akiuza chai na maandazi katika mji mwingine wa pwani, karibu na kituo cha magari. Alihamishiwa kwenye jengo safi, akapewa namba ya meza na risiti. Abiria hawakumfuata. Alivumilia kwa akiba aliyokuwa nayo, ikaisha, akarudi kijijini. Hakupigwa na mtu wala hakutukanwa, na waliomhamisha walimwita mama na kumsaidia kubeba masufuria. Bado alipoteza kazi yake, kwa sababu aliyepanga jengo lile hakukaa hata asubuhi moja kuangalia wateja wake wanatokea wapi.

Mfano mzuri haupo mbali. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilifungwa kwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wapishi wa usiku hawakufutwa kwenye picha. Walirudi na meza zao, na leo mgeni anayefika Mji Mkongwe anaelekezwa Forodhani kwa ajili ya pweza na urojo wao kabla hajaelekezwa kwenye miti na viti. Walioifanya kazi ile walielewa kuwa wauzaji ni sehemu ya bustani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji akawa ameshahamishwa, atapona nani?

Hapa kwetu Boma linatajwa sana kama ushahidi kwamba mji mkongwe unaweza kufufuka. Ni kweli. Lilikuwa limechakaa vibaya, likakarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa hoteli, na watu wa hapa wakapata kazi na ufundi. Naomba tukumbuke tofauti moja tu. Boma lilikuwa tupu. Kulitengeneza hakukumtoa mtu kwenye riziki yake. Ufukwe si mtupu, na baraza si tupu, kwa hiyo njia iliyofaa kule juu Bomani haiwezi kushushwa huku chini kama ilivyo.

Sasa nyumba. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana unafuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hii unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, jiwe linalika taratibu, na baada ya masika kadhaa plasta inaanguka na kipande cha ukuta. Nimeona baraza zikirekebishwa kwa nia njema hivyohivyo, na baada ya muda zikawa mbaya kuliko mwanzo. Kuchimba na kuchoma matumbawe tena hatutaki, bahari imeumia vya kutosha. Lakini chokaa ya mawe ya nchi kavu inauzwa kwa mifuko, na wazee wanaojua kuichanganya hawajaisha wote. Manispaa ikiwaweka vijana wa hapa chini ya mafundi hao, tutapata ajira na kuta kwa wakati mmoja. Mradi ukileta mkandarasi wa saruji na rangi ya mafuta, tutapata picha nzuri ya siku ya uzinduzi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ya mwaka 1890 haipati ulinzi huo mpaka itangazwe na Waziri, na nyumba nyingi tunazojivunia Mikindani ni za baada ya 1863. Kwa hiyo nawaomba sana wahusika wa Mambo ya Kale: njooni mtembee mtaa kwa mtaa pamoja na viongozi wa mitaa, muorodheshe kinachostahili kutangazwa kabla mtu hajaleta tingatinga. Sheria hiyohiyo inaitambua milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na kuitoa nchini kunahitaji kibali. Wengi wenye milango hiyo hawajui. Akija mnunuzi kutoka mbali na bahasha, mjane mwenye deni ataona anauza mbao. Tangazo moja la Kiswahili kwenye mbao za matangazo na misikitini baada ya sala ya Ijumaa lingeokoa milango kadhaa.

Na kwa nini nyumba zinaachwa zianguke? Mara nyingi kwa sababu ya mirathi. Nyumba moja ina warithi wengi, mmoja Dar es Salaam, mwingine Lindi, mwingine hajulikani alipo. Hakuna awezaye kutia saini peke yake, na hakuna anayetaka kutengeneza mali ya wote kwa mfuko wake. Kabla ya kuliita jengo gofu na kulipangia kazi nyingine, watafuteni hao warithi. Afisa mmoja wa kuwasaidia kumaliza mirathi na kuandikishana mkataba na mpangaji atakayeitengeneza nyumba angefanya kazi ya uhifadhi kuliko vibao vingi vya maelezo.

Mkiniuliza kipi kianze, nitasema choo. Choo cha umma karibu na diko, chenye maji, kinachofunguliwa alfajiri. Kisha mitaro ya kupokea maji yanayoteremka kutoka mlimani masika, maana yanabeba taka za mtaa mzima na kuzimwaga pale samaki wanaponadiwa. Kisha kivuli, taa, mahali pa kuhifadhi barafu, na meza za kusafishia samaki. Mambo haya yangeupendezesha mji bila kumwondoa mtu yeyote, na mgeni angeyaona pia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wakaangaji na mafundi wa hapa vielekezwe namna ya kuomba, kwa lugha ya kawaida, na mtu wa kuwasaidia kujaza fomu, kwa sababu wengi wetu hukwama kwenye fomu kabla ya kukwama kwenye biashara.

Mkoa huu uliona mwaka 2013, katika vurugu za bomba la gesi, machungu yanayotokea watu wanapohisi jambo kubwa limeamuliwa bila wao kusikilizwa. Ufukwe wa Mikindani ni jambo dogo mbele ya gesi, nalielewa hilo. Kwa anayekula kutoka pale hakuna jambo kubwa zaidi. Ndiyo maana naomba, mpango ukianza hata kwa fununu, orodha ya wote wanaoutumia ufukwe na baraza iandaliwe kwanza, wakiwemo wasio na meza, isomwe hadharani, na asiyesikia jina lake apewe siku za kulalamika. Mchoro ubandikwe ofisi ya kata na pale dikoni, kwa Kiswahili, ukionyesha nani anakwenda wapi. Na atakayehamishwa kwa muda wakati wa ujenzi apewe karatasi yenye muhuri inayosema atarudi nafasi gani na lini.

Mkutano wa kutusikiliza mkiuitisha, nawaomba msiuweke asubuhi. Asubuhi wale mnaotaka kuwasikia wapo majini, mnadani au mbele ya majiko. Uwekeni baada ya Alasiri, siku za maji mafu, na ufanyikie hapahapa Mikindani badala ya ukumbi wa mjini, ili nauli isiwe sababu ya mtu kukosa. Mimi nitafunga cherehani mapema siku hiyo, na nitawapitia wenzangu nyumba kwa nyumba kuwaambia waje.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, mkazi wa Mikindani